MBA ya ng'ambo: Je, yastahili kuuziwa shamba?

Na MWANDISHI WETU, Machakos

ELIMU kwa watu wa Machakos si pambo. Ni mali inayonunuliwa kwa mali. Tangu enzi za ukoloni, mzazi wa Iveti, Kangundo, Kathiani au Mwala ameuza mbuzi kwanza, ng'ombe baadaye, na mwisho kipande cha ardhi ili mwanawe apate kisomo. Bei ya kahawa ilipopaa katika soko la dunia mwaka wa 1976 na 1977, si haba fedha za wakulima zilizoishia katika karo.

Kizazi cha leo kimeletewa swali jipya. Kijana amekwisha kufuzu kwa shahada ya kwanza. Sasa analeta nyumbani barua kutoka ng'ambo inayomwarifu kwamba amekubaliwa kusomea Shahada ya Uzamili katika Usimamizi wa Biashara, ile ijulikanayo kote kwa herufi tatu: MBA. Barua hiyo haiji na fedha. Inaitisha fedha, na kwa mamilioni.

Hapo ndipo macho ya jamaa huligeukia shamba. Nao wanunuzi hawakosekani. Jiji la Nairobi limepanuka hadi likaingia Mavoko, na kando ya barabara ya Kangundo, katika maeneo kama Joska na Malaa, mashamba yamekatwakatwa kuwa viwanja vya kujengea. Mzee mwenye ekari chache anaweza kupata kwa wiki moja fedha ambazo hakuwahi kuziona maishani mwake.

Je, shahada hiyo yastahili gharama hiyo? Jibu la haki si ndiyo wala la. Linategemea mambo manne: ni chuo kipi, ni nani anayelipa, mwanafunzi amefanya kazi kwa muda gani, na anakusudia kufanyia kazi wapi baada ya kuhitimu. Makala haya yanayapambanua moja baada ya jingine.

Imani ilikotoka

Imani kwamba shahada ya ng'ambo hufungua kila mlango haikuzuka bure. Mnamo Septemba 1959, ndege iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani iliwabeba wanafunzi 81 kutoka Nairobi. Kufikia 1963, vijana wapatao 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka bahari kupitia mpango huo. Miongoni mwa waliosafiri mwaka wa 1960 alikuwa Wangari Maathai, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Waliorejea walipata kazi kubwa kubwa wakiwa bado vijana. Lakini yafaa kukumbuka sababu yake. Wakati huo Kenya haikuwa na chuo kikuu kamili chake yenyewe. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata hadhi hiyo mwaka wa 1970. Wakoloni walikuwa wanaondoka, na viti vyao vilihitaji wenyeji wenye shahada. Msomi alikuwa adimu, nafasi zilikuwa tele.

Leo mizani imegeuka. Wenye shahada ni wengi, nafasi ni chache, na MBA hutolewa na vyuo vingi vya humu nchini, vya umma na vya kibinafsi. Kilichompandisha cheo msomi wa 1963 kilikuwa uhaba wake pamoja na cheti chake. Anayemuuzia mwanawe shamba leo kwa kumkumbuka jirani aliyerudi na shahada miaka ya sitini anapima soko la sasa kwa ratili ya zamani.

Kinachouzwa hasa

Ili kuijua bei ya kitu, sharti kwanza kukijua chenyewe. Shule ya biashara ya Wharton, mjini Philadelphia, ilianzishwa mwaka wa 1881. Harvard ilifungua yake mwaka wa 1908 na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutoa MBA. Ulaya ilifuata baadaye: INSEAD ya Ufaransa mwaka wa 1957 na London Business School mwaka wa 1964.

Masomo yenyewe hayana siri. Ni uhasibu, usimamizi wa fedha, uuzaji wa bidhaa, takwimu, uongozi wa wafanyakazi na upangaji wa mikakati. Vitabu vinavyofundishiwa Boston ndivyo, kwa sehemu kubwa, vinavyofundishiwa Nairobi.

Shule za kifahari huuza vitu vitatu kwa pamoja. Cha kwanza ni hayo masomo. Cha pili ni jina, ambalo kwa kweli ni kazi ya mchujo: mwajiri anajua kwamba aliyepita pale alikwisha kushindana na maelfu na kuteuliwa. Cha tatu ni watu. Mwanafunzi huketi darasani na wenzake watakaokuwa wakuu wa benki, mawaziri na wamiliki wa kampuni katika nchi nyingi, na uhusiano huo hudumu.

Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya jambo lote. Chuo cha ng'ambo kisicho na jina humuuzia mwanafunzi kitu kimoja tu kati ya hivyo vitatu, yaani masomo. Na masomo ndicho kile kinachopatikana nyumbani kwa bei nafuu. Chuo kuwa London hakukifanyi kuwa London Business School.

Hesabu ya gharama

Tuanze juu kabisa. Harvard hutoza karo ya zaidi ya dola 75,000 kwa mwaka, na masomo huchukua miaka miwili. Ukijumlisha malazi, chakula, bima ya afya na vitabu, jumla hupita dola 230,000. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hiyo ni karibu Sh30 milioni. Katika London Business School, karo pekee ni zaidi ya pauni 110,000. Kwa kiwango cha Sh170 kwa pauni, hiyo ni zaidi ya Sh18 milioni kabla mwanafunzi hajalipa kodi ya nyumba.

Tushuke daraja. Vyuo vya kawaida vya Uingereza hutoza MBA kwa kati ya pauni 15,000 na 30,000, yaani kati ya Sh2.5 milioni na Sh5.1 milioni. Juu yake, anayeomba viza hutakiwa kuonyesha kwamba ana fedha za kujikimu, ambazo kwa wanaosomea nje ya London hupita pauni 10,000 kwa miezi tisa. Fedha hizo sharti ziwe zimekaa katika akaunti kwa siku 28 mfululizo. Kuna pia ada ya huduma za afya ya pauni 776 kwa mwaka.

Kwa kulinganisha, karo yote ya MBA katika chuo kikuu cha umma humu nchini haifiki sehemu ya kumi ya gharama ya Harvard, na mwanafunzi wake huweza kusoma jioni au wikendi huku akiendelea kupokea mshahara.

Hiyo ndiyo gharama ambayo jamaa nyingi husahau kuihesabu. Anayeacha kazi ya Sh100,000 kwa mwezi ili akasome miaka miwili amepoteza Sh2.4 milioni ya mshahara, hata kama karo yake italipwa na mfadhili. Ndiyo maana kozi ya INSEAD, inayochukua miezi kumi, huwavutia wengi: karo yake si ya chini, lakini muda wa kukaa bila mshahara hupungua kwa zaidi ya nusu.

Deni lisilolala

Si kila mtu huuza shamba. Zipo kampuni za ng'ambo zinazowakopesha wanafunzi wa shule mashuhuri bila kudai mdhamini, zikitegemea mshahara mnono wa baadaye. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Anayekopa dola 100,000 kwa riba ya asilimia 12 ili alipe kwa miaka kumi atatoa kama dola 1,435 kila mwezi. Hizo ni zaidi ya Sh185,000.

Mwenye mshahara wa Sh300,000 humu nchini, baada ya kukatwa kodi ya mapato, ada ya bima ya afya ya jamii, ada ya nyumba na mchango wa uzeeni, hubakiwa na takriban Sh205,000. Akilipa deni hilo, anabakiwa na kama Sh20,000 za kodi ya nyumba, chakula, nauli na kumsaidia mama kijijini. Na Sh300,000 si mshahara mdogo.

Maana yake ni kwamba deni la aina hiyo limekatwa kwa kipimo cha mishahara ya New York na London. Anayelichukua hana budi kufanya kazi huko, angalau kwa miaka ya mwanzo, au kupata kazi Nairobi katika kampuni chache zinazolipa kwa viwango vya kimataifa.

Kuna hatari nyingine. Deni ni la dola, ilhali mshahara wa nyumbani ni wa shilingi. Mwanzoni mwa 2022, dola moja ilinunuliwa kwa Sh113 hivi. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepanda hadi takriban Sh160, kabla ya kurudi karibu na Sh129 katikati ya mwaka huo. Aliyekuwa na deni la dola 100,000 aliliona likivimba kutoka Sh11.3 milioni hadi Sh16 milioni bila yeye kuongeza hata senti moja. Huyo hakukosea hesabu darasani. Fedha za nchi yake ziliteleza akiwa amelala.

Mlango wa viza

Ikiwa hesabu yote inategemea kufanya kazi ng'ambo, basi ruhusa ya kufanya kazi ndiyo nguzo ya nyumba. Nguzo hiyo imekuwa ikitikisika.

Uingereza ilianzisha mwaka wa 2021 viza inayomruhusu aliyehitimu shahada ya uzamili kubaki na kufanya kazi kwa miaka miwili. Mwaka wa 2025, serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba muda huo utapunguzwa hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Aidha, tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili hawaruhusiwi tena kuandamana na mume, mke au watoto. Kwa mwombaji wa MBA, ambaye mara nyingi ana umri wa karibu miaka 30 na jamaa yake changa, hilo ni jambo zito.

Nchini Marekani, aliyehitimu huruhusiwa kufanya kazi kwa miezi 12, na miezi 24 zaidi ikiwa kozi yake imeorodheshwa miongoni mwa masomo ya sayansi na teknolojia. Baada ya hapo, wengi huhitaji viza ya H-1B, ambayo hutolewa kwa bahati nasibu. Nafasi zake ni 65,000 kwa mwaka, pamoja na 20,000 za waliopata shahada za juu nchini humo, nazo hugombewa na dunia nzima. Mnamo Septemba 2025, Rais Donald Trump alitia saini agizo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya viza hiyo kwa wafanyakazi walio nje ya Marekani, hatua iliyopingwa mahakamani.

Canada nayo iliweka kikomo cha idadi ya vibali vya wanafunzi kuanzia Januari 2024. Hakuna anayeweza kumhakikishia mzazi wa Machakos kwamba sheria iliyopo mwanawe anapoondoka ndiyo itakayokuwapo anapohitimu.

Wahindi wanaliuliza swali hili hili

Si Wakenya pekee wanaokuna vichwa. Katika mwaka wa masomo wa 2023/24, India iliipiku China na kuwa nchi yenye wanafunzi wengi zaidi wa kigeni nchini Marekani, zaidi ya 331,000. Wengi wao huenda kwa mikopo, na katika nyumba nyingi za tabaka la kati, nyumba ya mzazi ndiyo huwekwa rehani benki. Kila sheria ya viza inapobadilika, jamaa hizo hukosa usingizi kama za kwetu.

Lakini India ina jambo la kutufunza. Mwaka wa 1961 ilianzisha taasisi mbili za usimamizi: ile ya Calcutta iliyosaidiwa na MIT, na ile ya Ahmedabad iliyosaidiwa na Harvard. Iliagiza ujuzi, ikaupanda kwake. Leo kijana wa Kihindi aliyeteuliwa Ahmedabad huajiriwa na kampuni zile zile zinazowatafuta waliosoma Marekani, kwa sababu mchujo wa kuingia pale ni mkali kiasi kwamba jina la chuo limepata uzito wake wenyewe. Kwa Mhindi, swali si ng'ambo au nyumbani, bali ni chuo chenye mchujo au kisicho na mchujo.

Humu kwetu, shule ya biashara ya Strathmore ilianza mwaka wa 2005 kwa ushirikiano na IESE ya Uhispania. Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha wasimamizi kwa miongo kadhaa, USIU ina mizizi ya tangu 1969, na ESAMI ya Arusha imekuwapo tangu 1980. Mjini Machakos penyewe, chuo kikuu kilichopewa hati mwaka wa 2016 kina kitivo cha biashara. Hakuna kati ya hivi chenye jina la Harvard. Lakini vingi vina jina kubwa machoni pa mwajiri wa Nairobi kuliko chuo cha kichochoroni cha ng'ambo ambacho mwajiri huyo hajawahi kukisikia.

Wakubwa walisoma wapi?

Wanaotetea MBA ya ng'ambo humtaja Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kuteuliwa mkuu wa Safaricom, aliyeingia ofisini Aprili 2020. Ni kweli ana MBA ya London Business School. Lakini tusome wasifu wote. Shahada yake ya kwanza ya uchumi ni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na kabla ya kuja Safaricom alikuwa amefanya kazi PricewaterhouseCoopers, EABL na kampuni tanzu za Diageo katika nchi kadhaa. Shahada ilikuwa tofali moja katika ukuta mrefu.

Aliyeongoza kampuni hiyo hiyo kuanzia 2010 hadi kifo chake mwaka wa 2019, Bob Collymore, hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Naye James Mwangi, aliyeichukua Equity ikiwa shirika dogo la kukopesha fedha za nyumba lililokuwa linayumba mwaka wa 1993 na kulifanya benki mwaka wa 2004, alisomea biashara Chuo Kikuu cha Nairobi.

Mifano hii haithibitishi kwamba MBA haina faida. Inathibitisha kwamba njia ni nyingi, na kwamba aliyefaulu kwa MBA alikuwa tayari amefaulu katika jambo fulani kabla yake.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo mawakala hawalisemi. Shule za juu huwataka waombaji waliofanya kazi kwa miaka minne au mitano hivi na kuonyesha matunda, na wengi wa waombaji hufanya mtihani wa GMAT au GRE. Ni nadra kumchukua kijana aliyevua joho la mahafali jana. Kwa hivyo chuo kinachomkubali mara moja kijana asiye na siku moja ya kazi, bila mtihani na bila mahojiano, kimekwisha kujieleza. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mawakala na machozi

Kaunti ya Uasin Gishu imetufunza kwa uchungu. Wazazi walilipa fedha katika akaunti ya mpango wa elimu wa kaunti ili wana wao wapelekwe Finland na Canada. Vijana wengi hawakuondoka, na baadhi ya waliofika Finland walijikuta wakidaiwa karo. Mwaka wa 2023 wazazi waliandamana mjini Eldoret, na mnamo Agosti mwaka huo aliyekuwa gavana na maafisa wawili walifikishwa mahakamani wakihusishwa na fedha zinazopita Sh1 bilioni. Walikana mashtaka.

Walioumia hawakuwa wajinga. Walikuwa wazazi walioona muhuri wa serikali na kuamini. Funzo lake ni kwamba fedha za karo zapasa kulipwa moja kwa moja kwa chuo husika, kwa jina la mwanafunzi, baada ya kuthibitisha na chuo chenyewe, wala si kupitia mkono wa mtu wa tatu, hata awe na ofisi nzuri namna gani.

Kuna pia suala la kutambuliwa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa chini ya sheria ya 2012, ina jukumu la kutambua na kulinganisha shahada za ng'ambo. Ni rahisi kuiuliza tume kabla ya kulipa. Ni uchungu kuiuliza baada ya kuhitimu. Kwa shule za biashara hasa, kuna mashirika matatu ya kimataifa yanayozikagua: AACSB, AMBA na lile linalotoa ithibati ya EQUIS. Shule isiyokaguliwa na hata moja kati ya hayo, huku ikidai bei ya shule zilizokaguliwa, itiliwe shaka.

Fedha za mwingine

Hesabu hubadilika kabisa pale anayelipa ni mwingine. Watu wengi hudhani shule ghali zaidi ndizo zilizo mbali zaidi na mtoto wa maskini. Mara nyingine ni kinyume. Karibu nusu ya wanafunzi wa MBA wa Harvard hupewa msaada wa karo kulingana na uhitaji wao, na mwaka wa 2022 shule hiyo ilitangaza kwamba asilimia 10 hivi ya wanafunzi, wale wenye uhitaji mkubwa zaidi, watalipiwa karo yote. Chuo cha kawaida, kinachotegemea karo za wageni kujiendesha, hakina uwezo wa ukarimu huo.

Serikali ya Uingereza hutoa ufadhili wa Chevening, ulioanza mwaka wa 1983, kwa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Mwombaji awe amefanya kazi kwa angalau miaka miwili, na baada ya masomo sharti arejee nchini kwake kwa miaka miwili. Kwa wanaosomea MBA kuna kikomo cha karo kinacholipiwa, na kinachozidi ni juu ya mwanafunzi. Oxford nayo ina ufadhili wa Skoll kwa walioanzisha shughuli za kibiashara zenye manufaa kwa jamii. Mikopo ya HELB, kwa upande wake, imekusudiwa hasa wanaosoma humu nchini na katika kanda ya Afrika Mashariki.

Ufadhili huu ni wa ushindani mkali, na wengi hujaribu mara mbili au tatu. Lakini kuomba hakugharimu shamba. Kijana anayeshindwa mwaka huu anarudi kazini, anaongeza ujuzi na kuomba tena. Aliyeuza shamba hana tena la kuuza.

Shamba si fedha tu

Katika Ukambani, shamba ni makaburi ya wazee, ni chakula cha msimu mvua inapokubali, na ni mahali pa kurudi mambo yakiharibika mjini. Vilevile si mali ya mtu mmoja. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahitaji idhini ya mke na mume kabla ya mali ya ndoa kuuzwa, na ardhi ya kilimo haiuzwi kihalali bila kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi. Masharti hayo yasionekane kama usumbufu. Yaliwekwa ili uamuzi wa mtu mmoja usiwaache wengine bila makao.

Tena kuna ndugu. Shamba likiuzwa kwa ajili ya kitinda mimba, dada zake na kaka zake wamechangia masomo hayo bila kuulizwa. Akifaulu na kuwakumbuka, ni baraka. Akikwama ng'ambo akilinda ghala usiku ili alipe kodi ya chumba, jamaa nzima imepoteza vyote viwili, shamba na mwana. Ndiyo maana wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba Machakos haijawahi kunufaika na ujuzi wa mbali. Uchongaji wa Wamunyu, uliowapa riziki maelfu ya Wakamba na kuyafikisha masanamu yao kote duniani, unatajwa kuanzia kwa Mutisya Munge. Alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa Wazaramo, akarudi kijijini na kuwafundisha wengine. Alichorudi nacho kilikuwa ujuzi ambao nyumbani haukuwapo, alikuwa na soko la kuuzia, na hakuwa amefilisi ukoo ili kuupata. Vigezo hivyo vitatu vingali vinafaa kumpima msomi wa leo.

Maswali ya kujibu kabla ya kusaini

Jamaa inayokabiliwa na barua ya chuo cha ng'ambo yafaa ikae kitako na kujibu maswali haya bila kufichana.

Kwanza, mwajiri wa Nairobi anakijua chuo hiki? Tafuteni watu watatu wanaoajiri, katika benki, katika viwanda vya saruji vya Athi River au popote pengine, muwaulize. Wakisita, mmepata jibu.

Pili, kijana amefanya kazi gani, na ni cheo gani anachonyimwa kwa kukosa MBA? Anayejua mlango anaotaka kuufungua hununua ufunguo unaofaa. Kampuni za ushauri kama McKinsey na Boston Consulting Group, ambazo zina ofisi Nairobi, huthamini shule za kifahari. Mwajiri wa kawaida huenda akapendelea vyeti vya uhasibu vya CPA na miaka mitano ya kazi.

Tatu, waliohitimu wako wapi sasa? Shule za maana huchapisha taarifa za ajira za wahitimu wao. Isiyochapisha ina sababu.

Nne, kijana akilazimika kurudi nyumbani siku ya pili baada ya kuhitimu, bila kazi ya ng'ambo, jamaa itaweza kulipa deni? Ikiwa jibu ni la, basi huo si mpango wa elimu, ni kamari.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, hukumu ni hii. Shule ya juu kabisa, yenye ufadhili wa sehemu kubwa ya gharama, kwa mtu mwenye miaka kadhaa ya kazi na lengo linaloeleweka, yastahili, na asiyeichukua nafasi hiyo atajuta. Shule ya juu kwa mkopo mzima yahitaji moyo mgumu na hesabu ngumu zaidi. Chuo kisichojulikana, kwa fedha za shamba, kwa kijana ambaye hajawahi kuajiriwa, hakistahili hata kidogo, na mzazi anayekataa hamnyimi mwanawe elimu. Amwambie afanye kazi miaka mitatu, asome jioni hapa nchini ikibidi, aombe ufadhili bila kukata tamaa. Shamba litakuwapo bado, na barua nyingine itakuja.